Nilimpiga picha vunjajungu Homa Bay, nikamnasa mzee wa kanisa

Wakuu, salamu kwenu nyote. Hii ilinitokea mimi mwenyewe, na chumvi sijaongeza hata ya kuonja.

Nina miaka arobaini na minne. Nimezunguka Mombasa, Eldoret mpaka Isiolo, nikarudi Migori na begi moja na simu. Mama mdogo, mdogo wa marehemu mama yangu, akanipa chumba.

Ugonjwa wangu ni picha. Asubuhi nalenga wadudu kwa sukuma wiki zake, mchana nashuka mjini: fundi viatu amelala kazini, mbuzi anakula bango la mwanasiasa. Raha tupu.

Shida ikawa Jumamosi. Mama mdogo husali siku hiyo, na mzee wa kanisa lake, nimuite Mzee Nashon, akapita na kunikuta nimelala kifudifudi kwa mboga nikivizia kipepeo.

"Mama, huyu kijana wako anafanya kazi siku ya Sabato. Tena kwa tumbo!"

Akatoa wiki mbili: niache au nihame.

"Wuod nyamera," mama mdogo akaniambia, yaani mwana wa dada yangu, "mimi ndiye mpishi wa mikutano ya kanisa. Nikikosana na mzee, nitampikia nani? Wewe?"

Kesho yake nikaenda Homa Bay kutuliza kichwa.

Karibu na ziwa, kina mama wameanika omena, wale dagaa wa ziwani, nikamwona vunjajungu kwenye jani la malenge kando ya kibanda cha samaki. Mikono ameikunja kama anaombea chakula. Nikapiga moja, safi kabisa, nikamtumia mama mdogo: "Ona, hata huyu anasali."

Alifurahi sana. Akaituma kwa grupu ya kanisa pamoja na mstari wa Zaburi.

Sasa wakuu, simu yangu si zile zinazofifisha nyuma. Ukipiga mdudu, unapata mdudu na kaunti nzima.

Zikapita dakika tano. Halafu mmoja: "Amina. Lakini huyo nyuma ya mdudu si Mzee Nashon?"

Mwingine akavuta picha: "Na hiyo kwa sahani mbona ina masharubu?"

Mumi! Yaani kambale. Hana magamba, na kwao samaki asiye na magamba ni najisi. Mzee alikuwa ameinamia sahani, ameshika kichwa cha mumi huyo kwa mikono miwili, kama mtu anayepiga filimbi.

Siku iliyofuata akaja nyumbani. Nikaanza kukunja nguo.

Akakaa, akakohoa, akakiangalia kiatu chake.

"Kijana, nimefikiria. Kupiga picha viumbe vya Mungu si kazi. Ni ibada."

"Hata Jumamosi, mzee?"

"Hasa Jumamosi. Lakini pigia hapa Migori. Homa Bay ni mbali, utachoka bure."

Alipoondoka nilingoja mama mdogo acheke. Wapi. Alifunga mlango, akaomba simu, akavuta picha, akampita vunjajungu mpaka akafika kwa sahani.

"Mama yako alikuwa anampika mumi hivi Kendu Bay, kabla sijabatizwa."

Akasogeza kidole mpaka kwenye kibanda.

"Hicho kibanda, wanaweka nyanya ama wanakaanga kavu?"

Funzo: kabla ya kutuma picha ya mdudu, kagua nani anakula nyuma yake. Aliyewahi kunasa asichokilenga, uwanja ni wake, amwage hapa chini.

Mimi Jumanne narudi Homa Bay. Simu naiacha nyumbani. Nimepewa sufuria yenye kifuniko.