Kwa Mwantumu Inaonyesha

Harithi ni mtu wa Chiola, na ukimuuliza kazi yake atakwambia ni fundi wa ving'amuzi, kwa sababu amechoka kueleza. Ukweli ni kwamba dishi na nyaya hagusi mpaka abanwe. Kazi yake ni kuandika ile programu ndogo inayokaa ndani ya boksi, katikati ya chipu inayofumbua picha na kioo kinachoionyesha. Aliisomea Dar es Salaam, akarudi Nachingwea na kompyuta moja na maneno mengi, na mama yake mpaka leo huwaambia majirani kwamba mwanawe anatengeneza TV. Harithi hamsahihishi. Mama ni mama.

Maboksi hayo huyanunua Kariakoo kwa bei ya kutupa, leo ya kiwanda hiki, kesho ya kile, na kila chipu ina tabia yake. Ukiiamuru, inatii. Taabu ni pale ambapo hukuiambia kitu. Picha zikikatika njiani, chipu moja inaacha kioo cheusi, nyingine inang'ang'ania picha ya mwisho iliyoipata kama mtoto na titi. Waliozitengeneza hawakuwahi kukaa kikao kimoja wakakubaliana, na Harithi naye, niseme wazi tu, hakuona sababu ya kuzipatanisha. Kila mteja alimpa alichotaka.

Aliyemharibu ni Bonifasi, mwenye banda la kuonyeshea mpira mjini Nachingwea. Siku moja timu ya Namungo inacheza, imepata penati, mpigaji ameshaweka mpira, kioo kikawa cheusi. Watu walipiga mbinja, wakatukana, mmoja akavua ndala akairusha mbele. Picha iliporudi, penati ilikuwa imeshapigwa. Kesho yake asubuhi Bonifasi alimfuata Harithi akiwa amevimba.

"Fundi, watu hawataki giza," alisema. "Bora wamwone mpigaji amesimama, watangoja, watabishana. Giza linaniletea vurugu."

Harithi akaandika hivyo: picha zikikatika, shikilia ya mwisho, usiseme kitu. Banda likatulia. Alisifiwa, na sifa ni tamu jamani, hakuna asiyezilamba. Tangu hapo kila boksi la aina ile lilitoka mkononi mwake na tabia hiyo. Maboksi ya aina nyingine, ambayo chipu zake aliziita kaidi, aliyaacha na giza lao.

Sasa, dada yake Mwantumu ameolewa na Bakary, mchimbaji wa dhahabu huko Namungo, upande wa Ruangwa, na anapika chakula cha kuuza palepale machimboni. Anachokiogopa duniani ni kimoja: kwamba Bakary atashuka shimoni asubuhi na asipande tena. Wachimbaji walikuwa na desturi yao. Aliye chini huvuta kamba kila baada ya muda kidogo, na aliye juu hujibu kwa kuvuta. Kamba ikinyamaza, wa juu hawaulizi, wanashuka. Mwantumu alikuwa akipika huku macho yake yapo kwenye kamba, na mboga zikiungua.

Ndipo Harithi, kwa kumpenda dada yake, akaleta kamera. Aliifunga chini kabisa, yenye taa na betri yake, waya ukapanda na kugawanyika kwenye maboksi mawili. Moja aliliweka kwenye winchi, pale mdomoni mwa shimo, kwa Dunstan, mwenyekiti wa kikundi, aliyehamia kutoka Geita. Jingine aliliweka jikoni kwa Mwantumu. Siku ya kwanza dada alilia kwa furaha. "Namwona mume wangu mpaka jasho lake," alisema. Wachimbaji walifurahi zaidi, maana kuvuta kamba kulikuwa kunawakatisha kazi. Taratibu wakaiacha. Kamera si inaona?

Maboksi yale mawili hayakuwa ya aina moja. Harithi alilijua hilo. Aliyafunga kama yalivyopatikana, akapanda pikipiki akarudi zake.

Siku yenyewe alikuwa amekuja kuwasalimu, mchana wa jua kali. Mwantumu alimpakulia ugali wa muhogo na kisamvu, naye akakaa mbele ya kioo akimcheka mumewe. Kwenye picha Bakary alikuwa amechuchumaa, tindo mkononi, na mwenzake Jonasi yuko nyuma, mgongo tu unaonekana.

"Mtazame shemeji yako," alisema. "Tangu nianze kusonga ugali amechuchumaa tu. Leo uvivu umemkaa."

Dunstan akaita kutoka kwenye winchi. "Dada Mwantumu! Kwako inaonyesha? Huku giza tupu."

"Inaonyesha! Wamekaa wanapumzika."

"Kwa Mwantumu inaonyesha, basi hii yangu imekufa. Fundi, ukimaliza kula uje uiangalie."

"Nakuja, mwenyekiti," Harithi akajibu, akamega tonge jingine.

Akala. Hilo ndilo linalomnyima usingizi, kwamba alikula mpaka akalamba vidole. Kioo kilichosema kweli kilikuwa kile cheusi, na wote watatu, mwandishi wa programu akiwemo, walikiita kibovu kwa sababu chenzake kilikuwa na picha nzuri.

Alikuwa ananawa mikono alipotupa jicho tena. Mbele ya tochi ya Bakary kulikuwa na vumbi, na vumbi lile lilikuwa limesimama hewani, halishuki, halipandi.

Alipiga teke bakuli la maji, akakimbia mpaka kwenye winchi, akaishika kamba kwa mikono yote miwili akavuta. Akangoja. Akavuta tena. Dunstan alimtazama usoni mara moja, akavua shati, akaanza kushuka bila kuuliza.

Ukuta wa shimo ulikuwa umeporomoka, umekata waya na kuwafungia wale wawili nyuma yake. Lini, hakuna aliyejua, maana kioo hakikusema. Watu walichimba kwa sururu, kwa makarai, kwa kucha. Mwantumu alisimama juu ameuma kanga, na Harithi hakuthubutu kusimama karibu naye. Jonasi alitolewa wa kwanza, na hapakuwa na haja ya kumkimbiza popote. Hewa ilikuwa imewaishia kule ndani. Kisha akatolewa Bakary, mguu umevunjika, anahema kwa shida, lakini anahema.

Jonasi walimzika kwao, Chinongwe. Aliporudi kutoka makaburini Harithi alijifungia na kompyuta yake akaandika upya. Chipu kaidi na chipu tii, zote zikapewa sharti moja: picha ikikatika, kioo kiwe cheusi, na katikati maandishi makubwa, HAKUNA PICHA. Ilikuwa kazi ndogo. Alikaa akaitazama ilivyo ndogo, akalia kama mtoto.

Halafu akaenda hospitali. Bakary alikuwa amelala chali, mguu umefungwa, na Mwantumu ameketi ukingoni mwa kitanda amemshika mkono. Tangu atolewe alikuwa hajasema zaidi ya kuomba maji. Siku hiyo alimgeukia mkewe akasema.

"Ukuta uliposhuka, taa ya kamera ilibaki inawaka. Nikajua unaniona. Nilikupungia, Mwantumu. Nilikupungia mpaka mkono ukachoka. Mbona hukuja?"

Mwantumu hakulia. Aligeuka akamtazama mdogo wake pale mlangoni.

"Mwambie," alisema. "Mwambie nilikuwa naona nini."

Harithi akasogea mpaka kitandani. "Alikuwa anakuona umechuchumaa, shemeji, tindo mkononi. Alikuwa anakucheka, anasema leo uvivu umekukaa. Mimi ndiye niliyeliandikia lile boksi lionyeshe hivyo."

Bakary aliinua macho kwenye dari.

"Jonasi alitaka kugonga ukuta, tupige kelele," alisema. "Nilimkataza. Nilimwambia atunze pumzi, Mwantumu anatuona."