Hata Mafua Siyajui, Afande

Tangu Jumanne sijatoka nje ya boma letu hapa Katito, na mkisoma mtaelewa.

Siku hiyo jeshi lilikuwa likisajili vijana uwanjani. Nilimaliza mbio nikiwa wa tatu, nikapelekwa kwenye meza ya daktari. Fomu iliuliza kama nimewahi kuugua pumu, na pumu nililala nayo kitanda kimoja hadi darasa la saba. Jasho lilinitoka kuliko wakati wa mbio. Nikaandika: Hapana.

"Hujawahi kulazwa?" daktari, afande mwenye miwani, akauliza.

"Hata mafua siyajui, afande." Sasa nani alinituma kuongeza hilo la mafua?

Akachukua muhuri. Mama yangu, aliyekuja na akina mama wa kanisa kuniombea, akaona muhuri umeinuliwa, akajua nimeshapita. Na kwa kanisa letu, baraka haikai bila ushuhuda. Akasimama kando ya kamba iliyowazuia watazamaji, akapaza sauti: "Bwana asifiwe! Huyu mtoto alilazwa mara nne na pumu, leo amewaacha wazima nyuma!"

"Amen!" wenzake wakaitikia.

Muhuri ukabaki hewani. "Yule mama ni wa nani?"

"Simjui, afande," nikasema, Mungu anisamehe.

Hapo mama akainama, akapita chini ya kamba, akaja mbio na sweta yangu mkononi. "Odhiambo, baba, vaa haraka kabla kifua hakijakubana tena!"