Uji wa Washindi wa Barabara

Nichekeni tu. Baraza letu na baraza la majirani zetu Wakisii yalipatana kujenga barabara moja: kila upande uchimbe hadi kijito cha mpakani. Mimi, mnyapara, nikaapa tutawatangulia. Tulichimba tukiimba, na kwa kiangazi hiki sikuona kijito chochote.

Jana, juu ya mlima, tukawakuta Wakisii wamekaa na vyungu vya uji, majembe yao hayana hata udongo. Nikajua huo ni uji wa washindi! Nikanywa kibuyu kizima, kisha nikawahutubia juu ya uvivu.

Mnyapara wao alinisikiliza mpaka mwisho, akanijazia tena.

"Kunywa, ndugu. Kijito kimekauka, mlikivuka juzi. Na kwetu, mwenye kazi ndiye anayewapikia wale wanaomchimbia."