Barasa na Balasa

Mwanangu, kabla hujauzima huo mfumo wa zamani wa kompyuta, keti kidogo. Kuna siku moja haijanitoka moyoni hadi leo. Nilikuwa binti mdogo, nimeajiriwa na hospitali ndogo upande wa Khayega kuhamisha rekodi za wagonjwa kutoka faili kuukuu za kompyuta hadi majedwali ya SQL, hifadhidata ya kisasa. Nilihamisha zote, hakuna jina lililopotea, nikajiona fundi.

Asubuhi ile akaja nyanya mmoja na mjukuu mwenye homa. Karani akaandika jina la mtoto, Balasa, kama nyanya alivyotamka, na kompyuta ikajibu kwamba mtoto ni mgeni. Muuguzi alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano nyanya alipomshika mkono.

"Huyu mlishamtibu hapa," akasema kwa upole. "Kuna dawa ilimfurisha uso. Angalieni tena."

Tukatafuta tena kwa r, Barasa. Onyo likatokea, na dawa ilikuwa ileile. Walimpa nyingine, akapona, namshukuru Mungu.

Aliyeuandika mfumo wa kwanza, Mzee Shiundu, alikuwa amestaafu kwake Isecheno. Nilimwendea nikitarajia kukaripiwa. Yeye akaniwekea kwanza obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku. Hakuwanga mtu wa kumrudi mwenye njaa. Nilipokwisha kunawa ndipo akasema:

"Binti yangu, faili umezihamisha vizuri. Lakini faharasa, ile orodha ambayo kompyuta hutafutia majina, hukuuliza kwa nini niliiunda vile. Hapa kwetu r na l ni ndugu, nami niliifundisha isiwatenganishe."

Alirudi nami hospitalini, mzee wa watu, na fimbo yake. Tukaunda faharasa mpya inayozisoma herufi hizo kama moja. Kisha akanionyesha kutengeneza mionekano, yaani madirisha yanayoonyesha majedwali mapya kwa sura waliyoizoea makarani. Alifurahia kazi yangu kuliko nilivyoifurahia mimi.

Basi mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Kipya ni kizuri, kijenge. Ila ukikuta jambo la kale usilolielewa, usilifute. Mtafute aliyelifanya, ukae naye, umuulize alikuwa akimlinda nani. Kuuliza si ujinga.

Nenda sasa. Mungu akupe mkono mwepesi na sikio sikivu la kusikiliza wakubwa, na kila mgonjwa atakayetajwa mbele yako, aonekane.