Swichi Niliyoikata

Shemeji yangu alikuwa shofere wa Hadji mmoja wa mtaa wa Dilala, mtu wa asili ya Kasongo aliyefika Kolwezi na kamioni moja, na kufikia wakati huo alikuwa nazo sita. Mimi nilikuwa fundi katika karakana ya huyo huyo Hadji. Shemeji alimwoa dada yangu mkubwa, na ni yeye aliyeniombea kazi. Hilo nalitanguliza kulisema, kwa sababu yaliyofuata ni mabaya zaidi likijulikana.

Katika miaka hiyo ya Zaïre, mhandisi mmoja Mzungu wa mgodini alimaliza mkataba wake akauza motokari kabla ya kurudi Ulaya. Hadji akainunua. Ilikuwa motokari ya mbio ya Wajerumani, milango miwili, magurudumu yote manne yakivuta, na ilikuwa na kitu ambacho hakuna fundi wa Dilala aliyewahi kukishika: breki ya elektroniki. Hadji alinituma Lubumbashi wiki tatu kujifunza. Nikarudi na kitabu cha Kifaransa kwapani, nikijiona daktari.

Shemeji hakuipenda. Ujanani alimwendeshea mfanyabiashara mmoja Mgiriki motokari ndogo ya Kiitaliano, isiyo na msaada wa aina yoyote. Usukani ulikuwa mzito, breki ilitaka mguu wote, na kwenye kona nyuma ilitaka kutangulia mbele. Aliisimulia kama mtu anayesimulia mke wa kwanza.

"Ile ilikuwa inasema na mugongo yako," aliniambia. "Ikitaka kuteleza, mugongo inajua mbele ya macho. Sasa iyi, mi nakanyaga breki, yenyewe inaachia. Nani shofere, mi ao yenyewe?"

Siku moja, mvua ilipokatika, nilimpeleka kwenye barabara pana ya kiwanja cha ndege nikamwonyesha. Nilikimbiza kwenye lami iliyolowa, nikakanyaga kwa nguvu zote. Pedali ilitetemeka chini ya mguu wangu, boksi la elektroniki likikamata na kuachia magurudumu haraka kuliko mtu anavyoweza kupepesa, na motokari ikasimama imenyooka, usukani bado unatii.

"Umeona, bofrere?" nikamwuliza shemeji.

"Nimeona," akasema. "Mu lami iko muzuri. Lakini ku njia ya Kasaji, mu changarawe, gurudumu inapashwa kufunga. Ikifunga inakula udongo, udongo inajaa mbele yake, motokari inasimama. Iyi boksi yako haiwezi kuacha gurudumu ikule udongo."

Nilimcheka. Lakini jioni nilifungua kitabu, na katika ukurasa mmoja karibu na mwisho nilikuta maneno yale yale: kwenye changarawe, dereva anaweza kuizima breki hiyo kwa swichi iliyo karibu na usukani, na taa ndogo ya njano itawaka kumjulisha kwamba imezimwa. Nilikifunga kitabu. Sikumwambia kwamba alikuwa amesema kweli.

Swichi aliigundua mwenyewe. Tangu hapo aliizima kila mahali, hata kwenye lami. Nafikiri alikuwa anautafuta ule mwili wake wa zamani. Siku ya mvua kubwa alikuwa amembeba mke wa Hadji kutoka sokoni. Magurudumu yakafunga, motokari ikateleza kama sabuni, wakaishia mtaroni. Hakuna aliyeumia, ila mama yule hakuacha kulia hadi nyumbani.

Hadji aliniita peke yangu. "Kata ile swichi. Na usimwambie. Ukimwambia, atairudisha."

Ningeweza kusema kwamba niliogopa kupoteza kazi. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Nilikata waya nyuma ya dashibodi, breki ya elektroniki ikabaki hai wakati wote, abonyeze asibonyeze. Kisha nikafikiri: akibonyeza na taa isiwake, atajua. Nikavuta waya mwingine hadi kwenye taa ya njano, ili iwake akibonyeza. Hakuna aliyeniagiza hilo. Lilikuwa ni ufundi wangu tu, nami nilijisifu moyoni.

Mwishoni mwa kiangazi, kamioni moja ya Hadji iliharibika pampu huko Kasaji ikiwa imejaa mahindi. Hadji akatuambia tuchukue motokari ya Wajerumani, kwani ilikuwa ya haraka, tupeleke pampu nyingine. Tulitoka asubuhi. Lami ilipoisha, shemeji alinyoosha kidole, akabonyeza swichi. Taa ya njano ikawaka.

Nilikuwa nimekaa kando yake. Mdomo wangu ulikuwa na nafasi ya kutosha kusema. Nilisema, "Leo hakuna mvua, bofrere. Tuonyeshe."

Akaonyesha. Sijawahi tena kuendeshwa namna ile. Aliingia kona akigeuza usukani kabla ya kona yenyewe, motokari ikaenda ubavu, changarawe zikipiga chini ya miguu yetu kama mvua ya mawe, naye akacheka, mtu mzima mwenye watoto wanne. Nyasi zilizoungua zilikuwa nyeusi pande zote mbili. Nilimwambia aongeze. Nakumbuka vizuri: mara mbili nilimwambia aongeze.

Tulikuwa tumepita Mutshatsha. Mbele yetu vumbi la kamioni iliyotangulia lilikuwa bado halijatulia. Katika vumbi hilo akatokea mzee mmoja akisukuma kinga, baiskeli yake, iliyofungwa magunia mawili ya makaa, akivuka bila kutazama upande wetu.

Shemeji alikanyaga breki. Nilisikia pedali ikianza kutetemeka, trrrr, mlio niliojivunia tangu Lubumbashi. Motokari haikula udongo. Ilienda tu, imenyooka, ikiteleza juu ya vijiwe kama inayoelea. Aligeuza usukani, na karibu tumkose. Katikati ya hayo yote alinigeuzia macho. Ilikuwa mara moja tu. Halafu ubavu wa motokari ukaipiga kinga, na kinga ikamwangusha mzee juu ya jiwe.

Tulimlaza kwenye kiti kidogo cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, tukarudi Mutshatsha kutafuta dispensari. Makaa yalikuwa yameingia katika nywele zake. Alisema neno moja kwa lugha yake, sikulielewa. Alikufa kabla hatujaona nyumba ya kwanza.

Gendarme aliyeandika maelezo alimwuliza shemeji kama breki ilikataa.

"Hapana, citoyen. Ni mi nilikimbiza."

Akanigeukia mimi, fundi. "Breki ilikuwa namna gani?"

"Ilikuwa muzima," nikasema.

Lilikuwa jibu la kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Shemeji alifungwa mwaka mmoja na zaidi kidogo. Dada yangu alimpelekea chakula gerezani, na mimi nilimnunulia unga, na kila mara aliponishukuru nilitazama pembeni. Hadji aliniagiza niirudishe swichi kama ilivyokuwa, kisha akaiuza motokari kwa mtu wa Likasi. Hatukuongea juu yake tena.

Shemeji alipotoka gerezani alikuwa amekonda, na mkono wa kushoto ulikuwa ukitetemeka. Hakushika usukani tena. Siku moja tu, tukiwa wawili uani, dada akiwa ndani, alisema bila kunitazama:

"Ulifanya kazi safi. Hata taa iliwaka."

Nilifungua mdomo. Akainua mkono wake mzima kunizuia, akaingia ndani kula.

Muda si mrefu akahamia Musumba kulima katika ardhi ya wajomba zake, na dada na watoto. Alifia huko, katika msimu wa mvua, kwa ugonjwa wa kifua. Njia zilikuwa zimekatika. Habari ya lufu, kifo chake, ilinifikia kwa mdomo wa mchuuzi wa samaki wakavu, wiki tatu baada ya kumzika.

Dada alirudi Kolwezi na watoto, nikawapa vyumba viwili. Siku moja akichambua maharagwe nilimwambia yote, tangu kitabu hadi waya. Mikono yake iliendelea kuchambua kwa muda, halafu ikasimama.

"Na ule muzee wa kinga," akasema, "alikuwa na batoto?"

"Sijui, yaya," nikamjibu dada yangu.

"Bwana yangu alikuwa anamuota kila usiku. Na weye haujui kama alikuwa na batoto."

Tulipanda treni, yeye na mimi. Tulishuka Mutshatsha, tukatembea nusu siku, tukiuliza. Mke wa mzee alikuwa ameshafariki. Tulimkuta binti yake, mama mwenye mvi, aliyetupa viti na maji ya kunywa kabla ya kutuuliza tumetoka wapi. Nilimwambia mimi ni nani. Nilijaribu kueleza swichi, boksi na taa, na nikaona maneno yangu hayafiki popote pale uani, kati ya kuku na muhogo uliokuwa ukikauka.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema taratibu juu ya baba yake:

"Tata alikuwa hasikii na lisikio ya kuume. Mi nilijua. Siku ile aliniomba nimusindikize, nikakataa, nilikuwa na kazi ya kufua."

Dada alimshika mkono. Mimi sikujua pa kuweka mikono yangu. Tuliketi hivyo mpaka jua lilipoanza kuinama, kisha binti wa mzee akatuonyesha njia fupi ya kurudi kituoni, tusije tukakosa treni.