Hakugeuka

Kuna siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu: siku niliyofika ukweni bila mke. Cheka kwanza, nakusubiri. Wote niliowahi kuwasimulia walicheka, na marehemu mke wangu mwenyewe alicheka kuwashinda wote. Ukishamaliza unisikilize, maana kosa la siku ile nililirudia nikiwa mzee mwenye mvi, na mara ya pili hakuna aliyecheka.

Ndiyo kwanza tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini. Mimi ni mtu wa Muyinga, lakini nilikulia Tanzania. Niliondoka na miaka tisa, nikarudi mwalimu mwenye ndevu, nikisema Kiswahili cha shuleni na Kirundi kilichowafurahisha sana majirani. Spesioza naye alikulia kule kule, tukaoana mwaka ule ule wa kurudi. Wazazi wake walikuwa wamerudi kwao Bugendana, kwenye maharage yao na ndizi zao, na ilikuwa bado hatujaenda kuwaamkia kama mume na mke. Basi tukapanda lori la mizigo kutoka Muyinga, likatushusha barabarani, tukaanza kupanda kilima kwa miguu. Mimi nilibeba bido, yaani dumu, la urwarwa, ile pombe yetu ya ndizi ambayo mkwe hawezi kufika bila hiyo. Yeye alibeba kikapu cha unga kichwani. Nilitangulia.

Hapa lazima nikupeleke nyuma kidogo, la sivyo utaniona mjinga tu, na ujinga wangu una historia yake. Tulipokimbia tulivuka mto Ruvubu kwa mtumbwi, asubuhi moja yenye ukungu. Mtumbwi ulikuwa mdogo na watu tulikuwa wengi. Baba alinikalisha mbele kabisa, akanipa kasia fupi, akaniambia neno moja: "Ntuhindukire." Usigeuke. Mtoto akigeuka mtumbwi unayumba, na mtumbwi ukiyumba sote tumekwisha. Nikapiga kasia nikitazama ng'ambo, simwiti wala simwulizi mtu, na nyuma yangu nilisikia mama akilia kwa sauti ya chini. Sikugeuka. Tulipofika ng'ambo baba alinisifu mbele za watu, na sifa ya baba kwa mtoto wa miaka tisa si kitu kidogo. Nadhani kitu fulani shingoni mwangu kilikauka siku ile.

Basi kilima cha Bugendana nilikipanda vile vile. Hatua ndefu, macho mbele, mdomo umefungwa. Nilifika ukweni natoka jasho, nikaweka bido chini, nikaamkia wazee mmoja mmoja kwa adabu zote. Wazee wakaitikia. Kisha wakawa wanatazama njia nyuma yangu. Baba mkwe akauliza taratibu, "Na mwenzako?"

Nikageuka. Njia ilikuwa tupu mpaka chini bondeni.

Mwanangu, sijawahi kutamani ardhi inimeze kama siku ile. Bido likakaa pale katikati ya uwanja na hakuna aliyeligusa, kwa sababu pombe ya mkwe aliyempoteza binti wa watu itafunguliwaje? Wakatumwa wanawake wawili kumtafuta. Baada ya muda mrefu akatokea, viatu mkononi, kikapu kimebebwa na shangazi yake, anacheka mpaka machozi. Kamba ya kiatu ilikuwa imekatika. "Nilikuita," akasema mbele ya kila mtu. "Nikakuita tena. Nikaona bora nikae nipumzike, maana huyu mtu anaenda Kongo."

Wakacheka wote isipokuwa mama yake. Mama mkwe kwetu hamsemeshi mkwe ovyo, wala mkwe hamkodolei macho. Lakini yule mama aliweka chini ungo wake wa maharage, akanisogelea karibu kuliko desturi inavyoruhusu, akaniambia kwa Kirundi, bila ukali hata kidogo: "Mkwe wangu, tumesharudi. Sasa hivi unamkimbia nani?"

Yeye naye alikuwa amekimbia na kurudi, alijua alichokuwa akikiuliza. Usiku sikula vizuri, na siku iliyofuata, tukishuka kilima, nilikuwa nageuka kila hatua ya kumi. Kila nikigeuka, Spesioza ananiambia, "Niko." Nageuka tena: "Niko, mwalimu, sijapotea. Tazama mbele usije ukaanguka." Likawa neno letu la nyumbani. Nikiwa chumbani nikamwita yuko jikoni, haitikii abee wala bee. Anaitikia niko.

Miaka ikaenda. Iliyokuwa migumu siisemi leo, tuliipita na wengine hawakuipita. Nilifundisha shule ya msingi hapa Gitega mpaka nikastaafu. Tulijenga nyumba mtaani Musinzira. Yeye alishona nguo barazani mpaka macho yakamgomea, akaifunika cherehani kwa kitambaa, akasema na yeye amestaafu, asiulizwe.

Sasa Gitega unaijua kiangazi. Mwezi wa sita asubuhi baridi inakuingia kwenye magoti ukakaa kitandani kutafakari kama kuna haja ya kuamka. Binti yetu ameolewa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako mwezi huo huo watu wanavaa kanzu nyepesi na kulalamika joto. Akatuita. Tukaenda mwaka wa kwanza kwa majaribio, tukaenda na wa pili, ikawa kawaida yetu: baridi ikianza tunafunga nyumba, tunateremka, tunarudi mvua zikikaribia.

Pale ufukweni kuna mama mmoja anaitwa Mama Hawa, mjane, mwenye mitumbwi ya wavuvi wa ndagala, yaani dagaa. Mmoja ulikuwa umechakaa, hauwezi tena nyavu, akawa anatuazima. Kila asubuhi, tukishakunywa chai na chapati, tunaingia mtumbwini wazee wawili bila ndoano wala wavu. Tunapita kando kando ya matete, tunafika kwenye mwamba mweupe, tunarudi. Wavuvi walitushangaa. Mama Hawa alikuwa akituambia, "Nyinyi watu ya Gitega, munachosha mtumbwi bure." Lakini kila siku tulimkuta ameshaukausha maji na kututandikia mkeka.

Ilikuwa raha, mwanangu. Nataka ulijue hilo, usije ukadhani nakusimulia huzuni tupu. Jua lilitupiga mgongoni polepole, maji yametulia, mtu hana ratiba. Ila mimi nilikuwa nayo. Mwalimu akistaafu kengele haistaafu. Nilijiwekea kwamba tufike mwambani kabla upepo haujaamka, na ikawa hivyo kila siku. Nilikaa mbele. Hakuna aliyenipangia, niliingia tu nikakaa mbele, nikashika kasia, nikatazama mwamba. Spesioza alikaa nyuma. Alikuwa akiongea. Ananionyesha ndege, ananiuliza kama namkumbuka fulani wa Muyinga, nami naitikia "mm" nikitazama mbele.

Mwaka wa nne mtumbwi ukawa mzito. Nikawa napiga kasia nasikia unavuta upande mmoja. Nilimwambia bila kugeuka, "Spesi, umelala? Piga kasia!" Akasema, "Napiga." Kesho yake tena, "Unatuchelewesha." Akasema, "Napiga, mume wangu." Zipo siku alinyamaza njia nzima, nami nikafurahi kwamba leo tunakwenda vizuri. Baridi ikaisha, tukarudi Gitega. Mvua zilipokolea akaanguka jikoni. Hospitali hakukaa hata wiki mbili. Daktari, kijana mpole, aliniuliza kama mkono wa kulia ulikuwa umeanza kumlegea zamani. Nikamwambia sijui. Alinitazama, na mimi nikaangalia sakafu, kwa sababu mtu ameishi na mkewe maisha yote anaulizwa habari za mkono wake anasema sijui.

Tukamzika Bugendana, karibu na mama yake.

Kiangazi kilipokuja binti yangu akaniita tena. Sikutaka, lakini nyumba ya Musinzira ilikuwa imenishinda. Unaamka unaita, hakuna anayesema niko. Nikateremka peke yangu. Asubuhi ya kwanza nikaenda ufukweni kumwamkia Mama Hawa, nikamkuta anaanika ndagala. Akanipa pole, akanipa kigoda, akaendelea kuzigeuza ndagala zake. Kisha akasema:

"Bon, Mzee mwalimu, mi nilikuwaka najiuliza kama we ulijua."

"Nilijua nini?"

"Mambo ya mkono yake, na ugonjwa yenyewe. Mama alikuwa anajua toka mwaka ule mwingine. Aliniambiaka mi hapa hapa, akikaa kwenye kigoda hii."

Nikamwuliza kwa nini amwambie yeye, asiniambie mimi. Alipangusa mikono kwenye kitenge chake.

"Alitaka kukuambia we. Nyumbani alisema iko wajukuu, iko kelele, watalia. Alisema atakuambia kwenye maji, kule munakuwa wawili tu. Asubuhi akiingia mtumbwi ananiambia, Mama Hawa, leo nitamwambia, akigeuka tu namwambia. Munarudi, mi namuuliza, umesema? Anasema, hapana. Hakugeuka."

"Angeniita!"

"Jambo kama ile, Mzee, haiambiwake mgongo."

Sikumbuki nilimuaga vipi. Ninachokumbuka ni kwamba niliusukuma mtumbwi majini, nikapanda, nikakaa mbele pale pangu, nikapiga kasia. Mtumbwi ukazunguka. Nikapiga tena, ukazunguka tena, pua inatazama nchi kavu. Mama Hawa akapaza sauti kutoka ufukweni, "Kaa nyuma, Mzee! Mutu moja anakaa nyuma. Mbele hakuna kuongoza!"

Miaka minne nilidhani nampeleka mke wangu matembezini. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinipeleka, na mwaka wa mwisho kwa mkono mmoja.

Nikasogea nyuma, nikakaa kwenye mkeka wake. Kasia lake lilikuwa limelala pale chini. Nilipolishika nilikuta limezungushiwa utepe wa kitenge kwenye mpini, umeshonwa kwa mkono, na utepe umeachwa kitanzi cha kuingiza kiganja. Alikuwa amejifungia mkono kwenye kasia ili usiteleze. Mshono wenyewe ulikuwa umekwenda upande, yeye ambaye watu walitoka mtaa wa Yoba mpaka Musinzira kwa ajili ya mshono wake. Kile kitanzi kilikuwa umbali wa mikono miwili kutoka kisogoni kwangu msimu mzima, nami nikimpigia kelele apige kasia.

Nikainua macho. Mbele yangu palikuwa na ubao wangu wa kukalia, mtupu. Hicho ndicho alichokitazama kila asubuhi, mwanangu, ila yeye aliona mgongo. Nililia pale juu ya maji, na sikuona haya, hapakuwa na mtu.

Daktari aliniambia baadaye kwamba hata ningejua mapema, isingebadilisha kitu. Watu wananipa maneno hayo kunifariji. Hayanifariji. Sikuomba nimponye. Nilichokosa ni kukaa naye ndani ya jambo lile. Alikuwa nalo peke yake, na mimi nilikuwa pale pale.

Bado nateremka kila mwaka. Mama Hawa bado ananiazima mtumbwi, na hasemi tena kwamba nauchosha. Nakaa nyuma. Utepe sikuufungua. Mara nyingine nageuka, mazoea ya kilima cha Bugendana yamenirudia uzeeni, na nyuma yangu ni maji tu.

Sasa nasaha yangu ni hii, wala si ndefu. Sisi tuliokimbia tulifundishwa kutogeuka, na waliotufundisha walitupenda, na tulipona kwa ajili hiyo. Lakini tulirudi, na hakuna aliyetuambia kwamba sasa mnaweza kugeuka. Mama mkwe wangu aliniambia, nikadhani anasema habari za kilima. Wewe hukuvuka mto wowote, lakini nakuona unavyotembea, unavyokula umesimama, unavyomjibu mwenzako "mm" macho yako kwenye simu. Mtu wa karibu yako akiongea, geuza uso, mwili mzima ugeuke ikibidi, na mtumbwi uyumbe, hautazama. Akinyamaza, geuka zaidi. Usingoje aite, maana yapo mambo mtu hawezi kuyasema kwa mgongo, atarudi nayo nyumbani jioni, na kesho yake, mpaka siku ziishe. Na usimwambie apige kasia kabla hujaangalia mkono wake.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe safari isiyo na haraka na mtu wa kusafiri naye. Akulainishie shingo ungali kijana. Na kila utakapogeuka, akujalie umkute pale pale, umsikie akikwambia: niko.