Kuni Chini ya Upenu

Tarehe saba Machi 1974 nilimpoteza binti yangu wa kwanza, katika hospitali ya Nyeri mjini. Aliishi siku chache tu, lakini zilitosha kumpa jina la mama wa mume wangu, kama desturi yetu inavyotaka kwa binti wa kwanza. Mama mkwe alikuwa ameshaanza kumwita "mimi mdogo". Nilirudi nyumbani karibu na Gakindu nikiwa nimebeba blanketi.

Kabla sijajifungua nilikuwa nimekata kuni za miti ya miwati, nikazipanga chini ya upenu wa ghala. Kwetu mwanamke akijifungua, wenzake humletea uji na kuni kavu, maana mtoto mchanga hafai kukaa kwenye moshi. Mimi sikupenda kutegemea watu, ndiyo sababu nilijikusanyia zangu mapema. Kuni hizo hazikutumika. Za kupikia niliokota mtoni, nikaziacha zile pale. Mume wangu aliniuliza mara moja, "Hizo unamwekea nani?"

"Nimeziweka tu," nikamwambia.

Hakuuliza tena. Alijua ninamwekea mtoto mwingine, ingawa hakuna aliyekuwa njiani.

Aliyekuwa njiani mwaka huo alikuwa mtoto wa kwanza wa mke wa mdogo wake mume wangu. Boma letu lilikuwa moja, nyumba zetu zilitenganishwa na mistari michache ya kahawa. Jumapili ya kwanza ya Majilio, majuma manne ya kungojea Krismasi, katekista aliwasha mshumaa mmoja kati ya ile minne iliyozungushiwa matawi ya mtarakwa, akasema huo ni wa matumaini.

"Mkitaka kujua kutumaini ni nini," akasema, "mtazameni mama huyu. Mtoto hajamwona, lakini sweta ameshamfumia."

Kanisa zima likageuka. Nami nikageuka. Alikuwa amevaa gauni langu la maua, nililoshonewa nikiwa na mimba, ambalo mama mkwe aliniomba nimpe kwa kuwa lilikuwa halina kazi. Lilimkaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi.

Siku hiyo sikusali. Nilikaa nikifikiri kwamba mimi pia niko na ninachongoja, ila changu hakionekani, na hakuna wa kukielekezea kidole mbele ya watu.

Desemba kahawa ikaiva kwa wingi. Mimi nilichuma tangu asubuhi; yeye aliketishwa juu ya gunia achague mbichi zilizochanganyika na zilizoiva. Mama mkwe alimletea maji. Kila alipompita alimgusa bega na kusema, "Naja tena," yaani kwa jina la huyo mtoto. Niliposikia hivyo nilivuta tawi mpaka majani yakang'oka pamoja na kahawa. Nilitaka azae mvulana. Hilo niliomba kweli kweli, kanisani, mshumaa wa tatu ukiwaka.

Akazaa msichana. Jina likarudi bomani, ila si mlangoni kwangu.

Mwaka huo mvua ndogo ilikataa kwisha. Jumapili ya nne, baada ya misa, wanawake walisimama nje ya kanisa kupanga jinsi ya kwenda kumwona mtoto.

"Kuni zangu ukizikamua utapata maji ya chai," alisema mmoja.

"Afadhali wewe. Na zangu, ati huyo mtoto atajua kukohoa kabla hajajua kucheka."

Walicheka, kisha wakanyamaza. Wote walipita kando ya ghala letu wakipeleka kahawa kiwandani, na wote walijua kilichopangwa chini ya upenu. Hakuna aliyenitazama. Mama mkwe alishughulika na kufunga kitambaa chake cha kichwani.

"Tutapeleka uji," akasema. "Kuni si lazima."

Hapo ndipo niliumia. Angeniomba, kama alivyoomba gauni, ningemkatalia na moyo wangu ungetulia.

Alasiri nilienda ghalani. Niligonga kuni mbili pamoja, zikalia kavu kabisa. Nikizitoa, nilijiambia, nitakuwa sina tena ninachongoja. Nikiziacha, mwenye jina la binti yangu atalala kwenye moshi. Nilisimama pale mpaka miguu ikapata baridi. Mwishowe nikatenga nusu, nikafunga mzigo, nikatia ukanda kichwani, nikapita katikati ya kahawa hadi kwao.

Mwenye mtoto aliuona mzigo, akaacha kunyonyesha. "Dada, hizi si zile za..."

"Ni kuni," nikasema. "Sufuria iko wapi?"

Moto ulishika mara moja, bila moshi. Wenzangu walipofika na uji walikuta nyumba ina joto. Mama mkwe alimpakata mtoto, akawa anamtazama tu, hakutaja tena mambo ya kuja.

"Si umshike kidogo?" mwenye mtoto akaniuliza.

"Mikono yangu ni michafu," nikajibu. Nilikuwa nimenawa.

Asubuhi yake nilisikia bati likiburutwa nje. Nilipotoka nilimkuta mama mkwe chini ya upenu. Ile nusu iliyobaki alikuwa ameisogeza karibu na ukuta, palipo pakavu, akaifunika kwa bati kuukuu. Alikuwa akiweka mawe juu yake lisipeperushwe na upepo. Aliniona. Akaweka jiwe la mwisho, akachukua kikapu chake, akaenda kuchuma kahawa.